Rafu ya Alamisho: Kuhifadhi Vyanzo vya Afya Kabla ya Swali Kufika

Chukuliwe mfano wa mama mjamzito anayefika kliniki ya mama na mtoto katika zahanati moja ya Hanang. Kwa miaka sita amekuwa akimeza fenobabitoni, na kifafa hakijamwangusha kwa muda mrefu. Kipimo cha hudhurio la kwanza kinaonesha kwamba ana maambukizi ya VVU. Inatakiwa aanzishiwe dawa bila kuchelewa, na kidonge kilichopo kabatini ni TLD, ambacho ndani yake mna dolutegraviri. Tabibu anakumbuka kwa mbali kwamba dolutegraviri na fenobabitoni hazipatani, lakini hakumbuki ni kwa kiasi gani wala hatua gani ichukuliwe. Nje kuna foleni. Anatoa simu na kuandika maneno matatu kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kinachorudi hutegemea mambo mengi yasiyomhusu mgonjwa yule. Mstari wa juu huenda ukawa tangazo lililolipiwa. Siku hizi chini yake huweza kutokea muhtasari uliotungwa na akili unde, ambao msomaji mwenye haraka hawezi kujua kila sentensi yake imechotwa wapi. Kisha hufuata kurasa za nchi za mbali, na hapo utata huongezeka. Maelezo rasmi ya dolutegraviri yaliyoidhinishwa Marekani yameshauri isitumiwe pamoja na fenobabitoni. Yale ya Ulaya yameruhusu itumiwe, ila kwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Yote mawili yametoka kwa mamlaka halali. Tabibu mwenye foleni mlangoni hana nafasi ya kupima kwa nini yanatofautiana, wala lipi limfae mgonjwa wake.

Hata hivyo swali lake lina jibu, na jibu lina mahali pake. Chuo Kikuu cha Liverpool kinaendesha kanzidata ya mwingiliano wa dawa za VVU, isiyolipiwa, inayoonesha kwa rangi ni dawa zipi zisikutanishwe, zipi zihitaji kurekebishwa dozi, na zipi hazina tatizo. Inaeleza pia sababu: fenobabitoni, kama kabamazepini na fenitoini, huchochea mwili kuivunja dolutegraviri kwa kasi, kiwango chake katika damu kikashuka, na mtoto aliye tumboni akapungukiwa na kinga aliyokusudiwa. Mwongozo wa taifa wa matibabu ya VVU ndio unaosema nini kifanyike Tanzania, na daktari wa kituo cha tiba na matunzo cha hospitali ya wilaya ndiye wa kuulizwa pale mwongozo unapoacha shaka. Kama anwani mbili hizo na namba moja ya simu zingekuwa zimewekwa alama tangu mapema, swali lote lingechukua dakika chache. Uamuzi wa chanzo gani kiaminiwe ungekuwa umefanywa siku ya utulivu, na mtu yule yule, akiwa na akili yake yote.

Alamisho na historia yake fupi

Alamisho ni anwani ya ukurasa wa mtandaoni iliyohifadhiwa ndani ya kivinjari, ili ukurasa ufunguliwe tena bila kutafutwa. Katika simu nyingi huwekwa kwa kugusa alama ya nyota, au kwa kufungua menyu ya vidoti vitatu. Wafugaji wa Hanang, ambao hutambua ng'ombe wao kwa alama hata wakichanganyika na mifugo ya watu wengine mnadani, hawahitaji somo refu juu ya faida yake.

Desturi hii ni kongwe kuliko injini za utafutaji zinazotumika leo. Kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993 kilikuwa tayari na orodha ya kurasa pendwa. Yahoo ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mada na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo. Yaani ilikuwa rafu ya alamisho iliyofunguliwa kwa umma. Mwaka 1998 Google ikaanzishwa, ikileta wazo la kupanga kurasa kwa kuhesabu ni nyingine ngapi zinazozielekea na zina uzito gani. Wazo hilo lilifanya kazi vizuri kiasi kwamba watu wakaacha kuweka kumbukumbu, wakiamini kwamba kila kitu kitapatikana tena.

Kwa mambo mengi imani hiyo haina madhara. Anayetafuta ratiba ya basi la Babati hapotezi kitu. Katika tiba hali ni tofauti, kwa kuwa ukurasa unaotajwa na wengi si lazima uwe sahihi, na simu mbili zilizoshikwa na wauguzi wawili katika chumba kimoja zinaweza kupewa majibu tofauti kwa swali lile lile. Tena kila ukurasa unaofunguliwa na kufungwa bila faida umekula bando, ambalo mara nyingi mhudumu amelinunua kwa fedha yake.

Rafu iwe ya mahali

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuhifadhi kila kinachovutia. Baada ya miezi mitatu huwa na alamisho mia mbili zisizo na mpangilio, na hurudi kwenye kisanduku cha kutafutia kwa kuwa ni rahisi zaidi. Rafu inayofaa zahanati haihitaji zaidi ya anwani ishirini au thelathini, nazo zichaguliwe kwa magonjwa ya mahali hapo.

Kifafa kinaonesha vizuri maana ya jambo hili. Anayeandika neno hilo katika injini ya utafutaji atapata maelezo ya jumla: urithi, ajali za kichwa, homa kali za utotoni, na bila shaka wauzaji wa dawa zinazodaiwa kukiponya kabisa kwa wiki chache. Hataambiwa kwa urahisi kwamba Mbulu ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyochunguzwa kwa miaka mingi kuhusu minyoo ya tegu wa nguruwe, wala kwamba watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wameandika kuhusu kifafa na uhusiano wake na malengelenge ya mnyoo huyo katika ubongo. Utafiti wa mifugo uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta dalili za malengelenge hayo ndimini mwa takriban asilimia 17 ya nguruwe waliokaguliwa katika vijiji vya Mbulu. Muhtasari wa utafiti huo na wa tafiti nyingine za Haydom unasomeka bure katika PubMed. Tabibu anayeuweka kwenye rafu yake, pamoja na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu matibabu ya ugonjwa huo wa ubongo, atamtazama kwa jicho lingine mtu mzima aliyeanza kuanguka kifafa akiwa na miaka thelathini.

Faida hufika hadi kwenye ushauri wa familia. Maelezo mengi yanayosambaa husema kwamba kula nyama ya nguruwe isiyoiva huleta kifafa. Usemi huo umeruka hatua moja muhimu. Nyama yenye malengelenge isiyoiva humpa mlaji mnyoo mzima tumboni. Malengelenge ya ubongo hutokana na kumeza mayai ya mnyoo, nayo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, akiwamo mgonjwa mwenyewe au mtu anayempikia. Kwa hiyo hata asiyegusa nyama ya nguruwe maishani mwake anaweza kuugua. Familia iliyoelezwa nusu ya kwanza tu itaacha kula nguruwe, na choo kitabaki bila kujengwa. Ukurasa mmoja unaoeleza mzunguko huo kwa usahihi, ukahifadhiwa na kuoneshwa kwa mgonjwa kwa mchoro, unazidi thamani ya majibu mengi ya kubahatisha.

Vyanzo vingine vya kudumu havitofautiani sana kati ya Mbulu na wilaya nyingine. Mwongozo wa taifa wa matibabu pamoja na orodha ya dawa muhimu, toleo la mwaka 2021, ndio wa kwanza. Tovuti ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, huhitajika pale dawa isiyojulikana inapoletwa na mgonjwa mkononi. LactMed, kanzidata ya Marekani isiyolipiwa, hujibu swali ambalo wauguzi huulizwa mara kwa mara: kama mama anayenyonyesha anaweza kumeza dawa fulani. MedlinePlus, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina sehemu ya maelezo ya wagonjwa kwa Kiswahili. Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, hufungua majarida ya kulipia kwa taasisi zilizosajiliwa. Mhudumu aliye karibu na hospitali au chuo chenye usajili huo aulize utaratibu wa kuingia kabla hajakata tamaa mbele ya makala yaliyofungwa.

Jina na folda

Kivinjari huipa alamisho jina ambalo ukurasa wenyewe umejipa, nalo kwa kawaida ni refu, la Kiingereza, na huanza na jina la taasisi. Alamisho kumi zilizoanza na neno moja hazitofautishiki kwenye kioo kidogo cha simu. Jina libadilishwe palepale, liseme swali linalojibiwa, mwaka wa toleo, na mwezi ambao ukurasa ulikaguliwa mara ya mwisho. Kwa mfano: «Dawa za kifafa na ARV, mwingiliano, imekaguliwa Machi». Inachosha kidogo siku ya kwanza.

Folda nazo zifuate maswali yanavyokuja kazini. Folda iitwayo «Shirika la Afya Duniani» humlazimu mtumiaji akumbuke kwanza nani aliandika nini, ilhali folda iitwayo «Mjamzito» au «Dozi za watoto» hufunguka pamoja na swali. Ukurasa mmoja ukihusu folda mbili, uwekwe kote kuwili. Nafasi inayochukuliwa ni ndogo mno kuhesabika. Folda ndani ya folda ndani ya folda ni pambo la wenye kompyuta kubwa. Katika simu, ngazi moja inatosha.

Injini ya utafutaji haitupwi. Ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Kagera mwezi Machi 2023, pengine hakukuwa na rafu ya zahanati yoyote ya Manyara iliyokuwa na ukurasa wake. Hapo kutafuta ni lazima, lakini kunaweza kufungwa ndani ya nyumba inayoaminika: ukiandikwa «site:who.int» mbele ya neno Marburg, injini huleta kurasa za Shirika la Afya Duniani peke yake, na «site:go.tz» huleta za serikali ya Tanzania. Kilichopatikana kikiwa na manufaa ya kudumu, kinaingia kwenye rafu.

Anwani iliyokufa na anwani iliyozeeka

Anwani za mtandaoni huhama. Mwaka 2019 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ikawa TMDA, na tovuti ikafuata jina jipya. Mwezi Januari 2022 wizara iliyobeba afya pamoja na maendeleo ya jamii iligawanywa, ikabaki Wizara ya Afya peke yake. Anayekuta ujumbe kwamba ukurasa haupatikani anaweza kunakili anwani ile na kuibandika katika Wayback Machine, hazina ya Internet Archive ya Marekani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ambamo huenda nakala ya zamani ikawamo. Nakala hiyo imsaidie kujua jina kamili la waraka ili autafute ulikohamia. Isitumike kutoa dozi.

Anwani iliyokufa angalau hujitangaza. Hatari kubwa zaidi ni ile inayofunguka vizuri na kutoa mwongozo uliopitwa na wakati. Valproeti ni mfano mzito. Kwa miaka mingi ilihesabiwa miongoni mwa dawa za kawaida za kifafa kwa watu wote. Leo inajulikana kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kumi waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro kubwa ya viungo, na kwamba watatu hadi wanne kati ya kumi huweza kupata matatizo ya ukuaji wa akili na tabia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba isianzishwe kwa wanawake na wasichana wanaoweza kupata mimba. Waraka wa zamani usiosema hayo bado umo mtandaoni, una nembo sahihi, na hufunguka kwa mguso mmoja kwa yeyote aliyeuhifadhi. Kwa sababu hiyo tarehe ya ukaguzi iliyoandikwa katika jina la alamisho ina kazi. Mara mbili kwa mwaka, siku ya kazi chache, rafu ipitiwe yote: kilichobadilishwa kibadilishwe, kisichofunguliwa tangu ukaguzi uliopita kifutwe.

Mwanamke anayesoma makala haya akiwa anatumia valproeti asiache kuimeza ghafla. Kuacha dawa ya kifafa kwa siku moja kunaweza kuleta mfululizo wa degedege unaoua. Aende kliniki aombe ibadilishwe kwa utaratibu, na kabla ya kushika mimba ikiwezekana.

Mtandao usipokuwapo

Alamisho huhifadhi anwani, haihifadhi ukurasa. Wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa mahali pasipo na mnara. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika makazi na barabara za Katesh na Gendabi, wahudumu walihitaji mambo ya kawaida kabisa: kuosha na kufunga majeraha machafu, kinga ya pepopunda, kutibu maji ya kunywa. Siku kama hiyo hakuna anayepaswa kutegemea kwamba mawasiliano yatakuwapo. Kurasa tano au sita za dharura, pamoja na mwongozo wa taifa wa matibabu, zipakuliwe kama faili la PDF na kuwekwa ndani ya simu yenyewe. Faili la mwongozo ni kubwa. Lipakuliwe penye mtandao wa bila malipo, siku ya kikao cha wilaya, kisha ligawiwe kwa wenzake kutoka simu hadi simu bila bando.

Jambo jingine linasahaulika hadi litokee: rafu ni mali ya nani? Mhudumu aliyeijenga kwa miaka miwili akihamishwa, huondoka nayo mfukoni, na anayempokea huanza upya. Vivinjari vya kompyuta huruhusu alamisho zote zitolewe kama faili moja na kuingizwa katika kifaa kingine. Pale zahanati au kituo cha afya kina kompyuta au kishikwambi cha kazi, rafu ikae humo, na mganga mfawidhi aihesabu katika makabidhiano kama anavyohesabu mizani na kipima shinikizo la damu. Kundi la WhatsApp si mbadala wake. Kiungo kilichotumwa Jumatatu, kufikia Ijumaa kimezikwa chini ya salamu, pongezi na matangazo ya misiba.

Simu ya mgonjwa

Kwa mgonjwa, rafu iwe ndogo zaidi: kurasa mbili au tatu za Kiswahili kuhusu ugonjwa wake, alizochaguliwa na mhudumu na kuoneshwa namna ya kuzifungua kabla hajatoka chumbani. Asiyesoma vizuri asomewe. Kiiraqw na Kidatooga havina maelezo ya tiba ya kutosha mtandaoni, hivyo bibi wa Dongobesh au mzee wa Kibarabaig atategemea mjukuu au mhudumu afasiri. Mfasiri akiwa na ukurasa mmoja mzuri mbele yake hufasiri vizuri kuliko yule anayeruka kutoka tovuti hadi tovuti.

Lakini simu katika kaya nyingi ni ya watu wengi. Ukurasa kuhusu VVU, uzazi wa mpango au ugonjwa wa akili, ukihifadhiwa kwa jina lake, unaweza kumfichua mgonjwa mbele ya mume, mama mkwe au mtoto anayecheza mchezo. Mhudumu amuulize kwanza nani mwingine hushika simu hiyo. Jibu likiwa la mashaka, asihifadhi chochote. Anwani iandikwe kwenye karatasi, au mgonjwa akaribishwe kusoma kwa kutumia kifaa cha kituo kila anapokuja kuchukua dawa. Vivyo hivyo mhudumu asiandike jina la mgonjwa katika jina la alamisho, hata kwa nia ya kumkumbuka.

Wapo wenye simu ya kitochi, isiyofungua tovuti yoyote. Kwao kitabu cha namba ndiyo rafu. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo kwa maswali ya afya, na 115 huita usafiri wa dharura wa m-mama kwa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye hatarini. Zihifadhiwe kwa majina ambayo mwenye simu atayatambua usiku wa manane, na pale asiposoma, ziwekwe kwenye kitufe kimoja cha kupiga haraka. Aoneshwe kitufe hicho, kisha akibonyeze mwenyewe mbele ya muuguzi.